Vidole Kwanza, Kalamu Itakuja: Hotuba kwa Wazazi wa Darasa la Awali

Mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi, na bibi zetu mliokaa kule kivulini mkijua fika kwamba hotuba za walimu huwa ndefu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wazee wangu wote shikamooni.

Nimeombwa niseme juu ya watoto kupaka rangi kwa vidole, na ninajua kilichozua mada hii. Juzijuzi watoto wa awali walirudi nyumbani na mashati ya njano, na tangu siku hiyo simu ya mwalimu wao haijapumzika. Kuna ujumbe wa sauti nimesikilizishwa ambao siwezi kuurudia mbele ya sheikh. Mimi kazi yangu ni kuwafundisha wanaokwenda kufundisha watoto wadogo, na nimekuja kumtetea mwalimu yule. Nitamtetea kwa sababu alifanya kazi, hakucheza.

Najua mnachosema. Mtoto ana miaka minne, jirani yake wa shule ya mchepuo wa Kiingereza anaandika jina lake mpaka la ukoo, wetu anarudi na sinia la tope. Michango tumelipa. Lini ataandika?

Tuanze na kifundo cha mkono. Mkipiga eksirei kiganja cha mtu mzima, pale kwenye kifundo mtaiona mifupa midogo 8 imepangana. Mkipiga ya mtoto aliyezaliwa leo, mahali palepale hamtaona kitu. Si kwamba hana. Anayo, ila bado ni gegedu, laini kama sikio lake, na eksirei hailioni gegedu. Mifupa ile hukomaa mmoja mmoja: wa kwanza katika miezi ya mwanzo ya maisha, wa mwisho mara nyingi kati ya miaka 9 na 12. Mtoto wa miaka mitatu ana michache tu iliyokwisha kuwa mifupa. Na nguvu ya mkono nayo ina njia yake: huanzia begani, ikashuka kwenye kiwiko, ikafika kifundoni, ndipo vidole vikapata utulivu wa kufanya kazi ndogondogo. Ndiyo maana mtoto mdogo akichora, mwili mzima unachora, hata ulimi uko nje.

Kushika kalamu kwa vidole vitatu, kama tunavyotaka sisi, kwa watoto wengi hutulia kati ya miaka minne na sita. Ukimlazimisha kabla ya hapo ataishika kwa ngumi. Atakandamiza mpaka karatasi itoboke, mkono utamuuma, na kitu cha kwanza atakachojifunza kuhusu kuandika ni kwamba kunauma. Nimewaona watoto wa darasa la kwanza ambao ukitoa daftari tu wanaomba ruhusa ya kwenda chooni. Hao hawakukosa twisheni. Wengi wao walipewa twisheni mapema mno.

Sasa niwaonyeshe mwalimu wenu alikuwa anafanya nini. Nilikuwapo siku moja katika darasa kama hili. Mtoto wa kike, miaka minne kasoro, kawekewa vijiko viwili vya uji wa rangi ya njano katikati ya sinia la bati. Hakugusa. Aliwatazama wenzake kwanza. Kisha akashusha kidole cha shahada, ncha tu, akakiinua upesi, akakinusa, akakipangusa kwenye sketi. Akarudi. Mara hii akaburuta, na nyuma ya kidole ukabaki mstari, bati linang'aa. Akasita, akautazama ule mstari. Akaburuta mwingine kando yake. Akakunja vidole, akaburuta kwa kucha, mistari ikawa myembamba. Baada ya hapo hapakuwa na wa kumzuia: kiganja, kiganja kingine, mpaka viwiko. Mwalimu akamwongezea tone la buluu. Lilipokutana na njano, kijani kikatokea, na mtoto akainua uso kumtazama mwalimu kana kwamba ni mwalimu aliyefanya. Akaomba nyekundu. Akachanganya zote, akakoroga, akasawazisha, na mwishowe sinia zima likawa rangi ya udongo. Mama mmoja aliyekuwa akichungulia dirishani akasema, "Haya, ameshaharibu."

Ameharibu nini? Ameona kwamba ukikandamiza kidogo unapata mstari wa aina moja, na ukikandamiza sana unapata wa aina nyingine. Kesho hiyo ndiyo itakayokuwa tofauti kati ya herufi inayosomeka na karatasi iliyochanika. Ameona rangi mbili zikizaa ya tatu. Ameona kwamba vitu vingine vikishachanganyika havirudi tena. Na kwa muda wote huo, mkono wake wa kulia umevuka kwenda upande wa kushoto wa mwili na kurudi, jambo ambalo baadaye mkono utalihitaji kuandika mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Yote hayo bila kusimama ubaoni na bila kuchapwa.

Nigusie na mkono wa kushoto, kwa kuwa niko pwani na nisipousema mimi mtausema nyinyi. Tuna adabu yetu: hupokei kwa kushoto, hupi kwa kushoto, huli kwa kushoto. Sikuja kuivunja, na mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Ila kwenye sinia la rangi hakuna anayekula wala anayempa mtu kitu. Hapo mikono yote miwili ina haki sawa. Watoto wengi wa umri huu bado hawajatulia wanatumia mkono upi. Leo huu, kesho ule. Duniani takriban mtu mmoja kati ya kumi hutumia kushoto, maana yake katika darasa la watoto thelathini watatu hivi ndivyo walivyoumbwa. Ukimpiga mmoja wao kikofi kila anapoanza, hatahamia kulia kwa furaha. Ataacha kuanza. Mwacheni apake kwa yote miwili. Adabu ya mezani ataijua mezani.

Kuna wanaodhani mchezo huu umeletwa juzi na wafadhili. Ni kweli kwamba darasani uliingia kwa jina la mwalimu mmoja Mmarekani, Ruth Faison Shaw, mzaliwa wa North Carolina, aliyekuwa na shule ya watoto mjini Roma miaka ya 1920. Inasimuliwa kwamba mtoto mmoja alijikata, akatumwa akajipake ayodini, dawa ya kidonda. Alipokawia, mwalimu akamfuata, akamkuta ukutani, anausiliba kwa dawa ile na ana raha zake. Mwalimu mwingine angetafuta fimbo. Yeye alitafuta namna ya kutengeneza rangi ambayo mtoto anaweza kuishika bila kudhurika, na mwaka 1934 akachapisha kitabu kuhusu kazi hiyo.

Lakini vidole vya watoto vilikuwapo ukutani kabla ya Roma yenyewe kujengwa. Ufaransa kuna pango linaitwa Rouffignac. Ndani yake, kwenye kuta na dari zilizo laini, kuna mistari iliyoburutwa kwa vidole yapata miaka 13,000 iliyopita, na watafiti waliopima upana wa mistari hiyo wamesema baadhi ni ya watoto, mmoja wao wa umri wa miaka mitano hivi. Mingine iko juu darini, mahali ambapo mtoto hafiki. Kwa hiyo kulikuwa na mtu mzima aliyembeba juu. Huyo mtu mzima namheshimu sana. Usiku wa pango, taa ya mafuta, kazi zake kibao, na bado akamwinua mtoto aburute vidole.

Na hapa kwetu? Nendeni Kolo, Kondoa, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ile myekundu ya zamani ni ya mkono mwembamba, imechorwa kwa ustadi mkubwa. Juu yake kuna myeupe, ya baadaye, minene, na mingi ya hiyo ilipakwa kwa vidole. Wala hatuna haja ya kupanda gari kwenda Kondoa. Bibi zetu mliopo hapa, mmekandika nyumba. Nani alikuwa anapewa pembe ya chini ya ukuta aikandike? Mtoto. Alama za vidole vyake zilibaki pale, nusu duara nusu duara, mpaka masika yaje yaondoke nazo. Hakuna aliyesema mtoto anapoteza muda. Tulipohamia nyumba za matofali na rangi ya dukani, ukuta ukawa wa kulindwa, na mtoto akanyimwa pembe yake. Mimi naona anatudai fidia.

Tuje kwenye rangi zenyewe, maana hapa ndipo ujumbe mwingi wa sauti ulipoelekea, na hapa nyinyi mna hoja.

Rangi ya vidole ni uji. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, vikombe vitatu vya maji, chumvi kijiko kidogo kimoja. Koroga unga kwanza kwa maji baridi mpaka madonge yaishe. Ukiutumbukiza kwenye maji ya moto umekwisha, utapika matonge. Weka moto mdogo, koroga bila kuacha, na ukiona umeshika kwenye mwiko na haudondoki upesi, epua. Ufunike upoe kabisa. Mtoto ambaye ngano inamdhuru, tumia unga wa muhogo mnaoula nyumbani, lakini wa muhogo huwa mzito haraka, kwa hiyo ongeza maji. Gawa kwenye vyombo vinne, tia rangi. Hautakaa. Kwa joto la Tanga, jioni umeanza kuchacha, ukinuka, mwaga.

Rangi ya chakula ya dukani inafaa, tone mbili tatu zinatosha, na ndiyo njia rahisi ya kupata buluu. Mengine yako jikoni na uani. Manjano ya unga inatoa njano kali. Maua ya rozela, wengine huita choya, yakichemshwa yanatoa nyekundu ya zambarau. Mchicha ukitwangwa na kuchujwa, kijani. Mkaa ukitwangwa ukiwa na maji ili vumbi lisimwingie mtu kifuani, nyeusi. Na kama una mzingefuri uani, hapo umebarikiwa: watoto wa Muheza na wa Unguja wanazijua zile mbegu kwa kujipaka midomoni. Zisugue kwenye maji kidogo, upate rangi ya chungwa inayokaribia nyekundu.

Sasa yale mashati. Mama aliyefua akaona doa la njano limegeuka jekundu akadhani shati limeungua, hakuna kilichoungua. Manjano ndivyo ilivyo: ikikutana na sabuni au magadi hugeuka nyekundu, na ukiisuuza na limao inarudi njano. Wapishi wa pilau mnalijua hili. Fua, suuza, anika juani, jua litalififisha siku hadi siku. Na mnaweza kulifanya somo: mpe mtoto sahani ya uji wa njano na kijiko cha maji ya sabuni, adondoshe kwa kidole, aone. Ila mwalimu naye, nasema mbele yake, siku nyingine atawaambia mapema mlete fulana kuukuu.

Hatari ziko kwingine, na hizi nazisema kwa ukali. Rangi ya nyumba, rangi ya mafuta, rangi ya baiskeli, haziingii mkononi mwa mtoto. Najua mtu atanitajia Tingatinga. Ni kweli, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli kwenye vipande vya ubao, na dunia nzima imeona. Alikuwa mtu mzima, alitumia brashi, na hakuwa akinyonya vidole. Rangi za namna hiyo zinaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huathiri ubongo, wala hakuna dalili utakayoiona jioni ile. Chokaa nayo, japo ni nyeupe ya kupendeza, inachoma ngozi na macho. Majivu ya kuni yakilowa ni makali. Na piko, jamani, ile rangi nyeusi ya kujipamba mikono harusini, ina kemikali ya kutia weusi nywele inayoweza kumbabua mtoto akabaki na kovu. Hata hina ya kawaida, kwa mtoto mchanga mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachosaidia kulinda seli za damu, hali iliyo ya kawaida kwenye nchi zenye malaria kama yetu, inaweza kuvunja seli nyekundu za damu. Iacheni mpaka akue.

Mzee mmoja amenishika mkono pale mlangoni, akaniuliza: mwalimu, unga mtoto achezee, na jirani amelala njaa? Swali zuri, na sitalijibu kwa haraka haraka. Kikombe kimoja cha unga kinawatosha watoto kumi. Hata hivyo, kama kwako unga ni wa kuhesabu, usiutumie, na mtoto hatakosa kitu. Tumia udongo. Udongo mwekundu wa njia ya kupanda Lushoto, na mweupe wa mfinyanzi kama unapatikana, uuchukue mahali ambapo mbuzi na paka hawafiki, uukaange kwenye kikaango kikavu, uuchekeche, uuloweke. Ni rangi tosha. Wa Kondoa hawakuwa na ngano. Ila msichukue ule unga uliovunda ghalani mkasema "huu si wa kula, basi ni wa watoto kuchezea." Mtoto atalamba. Unga wenye ukungu una sumukuvu, huo ni wa kutupwa.

Kwa walimu wenzangu, neno moja la kazi. Darasa la awali linatakiwa liwe na watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na wote tunajua wengine hapa mna sitini. Hamwezi kuwapakisha sitini kwa pamoja, msijaribu. Toka nao nje, kikundi kimoja kwenye rangi, wengine kwenye mchezo mwingine, zamu zizunguke kwa wiki nzima. Karatasi za manila ni ghali. Jani la mgomba halina gharama na linateleza vizuri, na migongo ya kalenda za mwaka jana ndiyo karatasi bora kabisa kwa kazi hii kwa kuwa hainywi maji. Ndoo ya kunawia iwe karibu kabla rangi haijatoka chumbani. Na mtoto asiyetaka kugusa, asishikwe mkono akalazimishwa. Kuna watoto ambao kitu cha mnato kinawasumbua mwilini kikwelikweli. Mpe kijiti, mpe kigunzi, atakuja mwenyewe au hatakuja.

Halafu midomo yetu. Hapa ndipo tunapowaharibia watoto kuliko rangi inavyoharibu mashati. Mtoto amemaliza, tunainama: "Hii ni nini?" Yeye hakuwa anachora kitu. Alikuwa anafanya kitu. Lakini kwa kuwa mtu mzima kauliza, inabidi awe na jibu, anasema "gari." Tunamwambia, "Mbona halina magurudumu?" Basi, keshapata sifuri ya kwanza maishani mwake, kwa swali ambalo hakuliomba. Kama lazima useme, sema unachokiona: umezungusha hapa, umetumia kiganja kizima, hapa pana kijani. Mengine atayasema yeye akitaka.

Na siku ya wazazi, walimu, naomba msitubandikie maembe. Mnajua nasema nini. Mwalimu anachora embe arobaini kwa kalamu, kila mtoto anachovya kidole anajaza ndani bila kutoka nje ya mstari, na aliyetoka nje mwalimu anamfutia. Wazazi tunapiga makofi. Ile ni kazi ya mwalimu, watoto wamekuwa brashi tu. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 uliandika kumudu stadi za kisanii miongoni mwa umahiri ambao mtoto anatakiwa kuujenga, na sijaona mahali ulipoandika kujaza embe la mwalimu. Bandikeni yale ya rangi ya tope. Wazazi watanung'unika, nitakuja tena.

Nimemaliza maneno. Pale nje chini ya mwembe kuna masinia sita, sufuria mbili za uji zimeshapoa, na watoto wameambiwa leo ni zamu ya wazazi, wao watatazama. Kina baba, simu mfukoni. Hakuna kusimama kando kupiga picha. Kina mama wenye hina mpya za harusi ya jana, kaeni kwenye sinia la mkaa, halitawaharibia kitu. Bibi zetu wataanza, kwa kuwa ndio pekee humu wenye uzoefu wa ukuta. Mwenyekiti, kunja mikono ya shati, wewe una sinia la mzingefuri. Mwalimu mkuu ameshawahi manjano.